Kutoka usawa wa bahari hadi kwenye theluji: mwongozo kwa mtu wa Mtwara na Lindi anayetaka kupanda mlima

Mtu wa Shangani au wa Mikindani analala mita chache tu juu ya bahari. Kilele cha Uhuru, juu ya Kilimanjaro, kiko mita 5,895, na kila pumzi ya kule ina takriban nusu ya oksijeni anayoivuta nyumbani. Anayetoka kwetu kusini kwenda kujifunza milima ya baridi anaanzia chini kabisa, kwa mwili ambao haujawahi kuonja mwinuko hata kidogo.

Wanaoniomba ushauri karibu wote huanza na baridi. Koti gani? Glovu za wapi? Kule theluji inafika magotini? Maswali mazuri, na nitayajibu, lakini baridi dawa yake inapatikana mnadani kwenye mitumba. Hewa haiuzwi. Kinachowarudisha watu chini wakiwa wamebebwa ni mwili kupandishwa haraka kuliko unavyoweza kuzoea. Ukibaki na fedha ya kufanya jambo moja tu la ziada, ongeza siku mlimani. Koti azima.

Anza hospitali

Nenda miezi mitatu kabla ya safari. Presha na sukari watakupima bila kuomba. Wewe omba kipimo cha selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu, na wapo watu wazima tele waliorithi kinasaba kimoja na hawajui, kwa sababu hawaumwi. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande mlima mrefu: oksijeni ikipungua, chembe nyekundu za damu hubadilika umbo na kuziba mishipa. Mwenye kinasaba kimoja mara nyingi hupanda akashuka salama, ila kuna ambao bandama huathirika wakapata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Daktari wake ajue kabla, na mwongozaji wake wa mlimani ajue pia. Maumivu hayo yakianza, ni kushuka tu.

Jambo la pili ni malaria, na hili mzungu aliyekuja na ndege juzi hana habari nalo sana. Mbu aliyekuuma Mtwara wiki mbili zilizopita anaweza kukuangusha ukiwa Horombo, kambi ya katikati ya Kilimanjaro. Kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, kukosa hamu ya kula: hizo ni dalili za malaria na ni dalili za mwinuko vilevile. Kinachosaidia kutofautisha ni homa. Joto kali la mwili pamoja na kutetemeka si dalili ya kawaida ya mwinuko peke yake. Pima siku mbili tatu kabla ya kusafiri, na muulize daktari kama ubebe kipimo cha haraka na dozi ya mseto. Kipimo kikionyesha malaria mlimani, safari imekwisha. Dawa utamezea huku unashuka.

Ipo dawa inayosaidia mwili kuzoea mwinuko, asetazolamidi, ambayo wengi wanaijua kama Diamox. Dozi ya kinga inayotumika sana kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, ila anayekuandikia ni daktari. Inakojoza na inatia ganzi za kuchomachoma vidoleni. Kama Septrini au Fansidar iliwahi kukutoa vipele au kukuvimbisha uso, mwambie daktari kabla hajaandika, maana dawa hizi zina undugu. Ukipewa, ijaribu kwanza ukiwa nyumbani. Na ujue kwamba inaharakisha mwili kuzoea, haikupi ruhusa ya kukimbia.

Panga na kalenda ya korosho

Mvua ya kwetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kilimanjaro ina misimu miwili: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Novemba na Desemba. Miezi mizuri ya kupanda ni Januari na Februari, kisha katikati ya Juni hadi Oktoba mapema.

Kwa nyumba inayoishi kwa korosho, Januari na Februari ndiyo yenyewe. Minada inafunguliwa Oktoba, na mwaka mpya ukiingia fedha imeshaonekana. Kiangazi chetu chote kinabaki kuwa cha mazoezi, kukiwa kukavu na njia za vilimani zinapitika.

Wengi hutamani kuwa kileleni tarehe 9 Desemba, na sababu inaeleweka: usiku wa Uhuru mwaka 1961 ndipo Luteni Alexander Nyirenda alipowasha mwenge pale juu. Lakini hiyo ni vuli. Msituni ni tope, juu ni theluji mbichi na mawingu. Kwa anayepanda mara ya kwanza, mimi simshauri.

Miguu inafundishwa nyumbani

Mazoezi ya hapa kwetu yanajenga miguu, magoti na tabia. Hayajengi uvumilivu wa mwinuko. Newala na Rondo, pamoja na ubaridi wao wa asubuhi, ziko chini ya mita 1,000, na mwili hauanzi kuzoea mwinuko kwa kiasi hicho. Usije ukapanda Rondo kila wiki ukadhani umejikinga.

Kwa miguu, Newala ni chuo kamili. Ukisimama Shimo la Mungu unaona uwanda wa juu wa Makonde unavyokatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Shuka na mwenyeji anayezijua njia, kisha panda urudi. Kushuka ndiko kwa thamani zaidi, kwa sababu magoti ya watu huisha siku ya kurudi, wakati paja limechoka na akili inajiambia kazi imekwisha. Anza na begi la kilo 5, ongeza taratibu hadi 8 au 10. Kipimo cha mwendo ni mdomo: kama huwezi kumaliza sentensi ndefu bila kutweta, unakwenda mbio. Punguza, hata kama mama mwenye ndoo kichwani anakupita.

Masasi ni kwa ajili ya mwamba. Milima ya mawe kama Mtandi na Mkomaindo inafundisha kitu ambacho barabara haifundishi: kuweka nyayo nzima kwenye jiwe lililoinama, kujaribu jiwe kabla ya kulitwisha uzito, kuwa na viungo vitatu vimeshika wakati cha nne kinasogea. Pata ruhusa ya wenyeji, angalia nyuki, na usiguse mwamba uliolowa.

Halafu kuna mchanga. Usiku wa kilele cha Kilimanjaro ni saa kadhaa za changarawe inayorudi nyuma kila unapokanyaga. Panda miinuko ya mchanga mlaini ufukweni, hatua fupi, kisigino hakiinuki sana, fimbo mbili mkononi. Dakika arobaini za hivyo jua linapochwa zinatosha kukufundisha kutopigana na ardhi.

Wiki nane hadi kumi na mbili za mwendo huo, mara nne kwa wiki na siku moja ndefu ya saa sita, zinamtosha mtu mwenye afya.

Nguo: pamba ibaki nyumbani

Joto hushuka kwa takriban nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000. Mtwara ikiwa nyuzi 30, piga hesabu mwenyewe, kisha ongeza usiku na upepo: kileleni kabla ya alfajiri huwa kati ya nyuzi 7 na 20 chini ya sifuri.

Tunachovaa kila siku, fulana za pamba, ni adui kule. Pamba inanywa jasho na haikauki, na nguo iliyolowa inanyonya joto la mwili kuliko hata kukaa kifua wazi mahali pasipo upepo. Jezi ya mpira ya poliesta ambayo kila kijana anayo ndiyo nguo nzuri ya kugusa ngozi. Juu yake vaa sweta zito la manyoya ya poliesta au la sufu, kisha koti la kujaza manyoya ya bata au pamba bandia, na nje kabisa koti lisilopitisha upepo wala maji. Mguuni ni hivyohivyo. Mitumba ya kwetu huwa na nguo hizi kwa bei ya kutupa kwa sababu hakuna mwenye shida nazo. Usichague rangi, soma lebo, na ukiona neno cotton irudishe kwenye rundo. Usichokipata, Moshi kipo: pale soko la Memorial lina mitumba mingi, na mfuko wa kulalia, koti kubwa na fimbo hukodishwa mjini.

Viatu usikodishe ukiweza. Nunua mapema, vikubwa kidogo ili soksi nene iingie na vidole visigonge mbele wakati wa kushuka, na uvivae kwenye mazoezi yote. Vya mtumba vikunje soli kwa nguvu kabla hujalipa. Soli nyingi za viatu vya milimani zina tabaka la poliyurethani ambalo huoza polepole likikaa kwenye joto na unyevunyevu, yaani hali ya hewa yetu kabisa, na kiatu kinachoonekana kipya huachia soli yote katikati ya safari.

Deli la samaki

Zoezi hili halina gharama, na sioni watu wakilifanya. Nenda kwa wauza samaki, omba kutumia deli lenye barafu. Vaa glovu zako, zika mikono kwenye barafu dakika mbili, toa. Sasa, bila kuvua glovu, funga kamba ya kiatu, vuta zipu ya koti hadi kidevuni, badilisha betri ya tochi ya kichwani, toa korosho mfukoni ule. Rudia usiku taa zikiwa zimezimwa.

Utagundua zipu ndogo haishikiki, basi funga kitanzi cha kamba kwenye kila zipu. Utagundua mfuko wa korosho haufunguki, basi gawa korosho kwenye vifuko vidogo vilivyofungwa kilegevu. Utagundua glovu moja nene haitoshi kwa kazi za vidole, kwa hiyo unahitaji nyembamba ndani na mfuko mkubwa wa mkono juu yake, uliofungwa kwa kamba kwenye kifundo ili upepo usiondoke nao. Mambo haya ukiyagundua saa tisa usiku kwenye mita 5,500, unayagundua kwa vidole.

Kuchagua njia ni kuchagua siku

Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne kuwe na siku ya kupumzika. Pima njia yoyote utakayouziwa kwa kanuni hiyo.

Marangu, njia yenye vibanda, inaanzia geti lililo karibu mita 1,870. Usiku wa kwanza Mandara, 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, karibu 4,700. Halafu kilele usiku huohuo. Kutoka Mandara kila siku ni karibu mita 1,000, mara mbili ya inavyoshauriwa. Ratiba hiyo ya siku tano ndiyo rahisi kuliko zote kwa bei, na ndiyo inayowarudisha wengi. Ukichagua Marangu, lala Horombo usiku mbili na katikati panda hadi Mawe ya Pundamilia, karibu mita 4,000, kisha rudi ulale chini.

Machame ya siku saba ni bora kwa sababu ya siku moja: unapanda kutoka Shira hadi Mnara wa Lava, karibu 4,600, unakula pale chakula cha mchana huku kichwa kinalalamika, kisha unashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini. Lemosho ya siku nane nayo ina siku hiyohiyo, pamoja na usiku wa ziada.

Kama muda na fedha vinaruhusu, mtangulize Mlima Meru, mita 4,566, kwa siku nne. Unalala Miriakamba na kibanda cha Saddle, askari wa hifadhi mwenye bunduki anakuwa nanyi kwa ajili ya nyati, na mwili unaonja mwinuko wiki ileile utakayopanda Kilimanjaro. Kwa mtu wa pwani hakuna maandalizi yanayoshinda haya.

Kupanda na mwongozaji mwenye leseni ni sharti la hifadhi. Kabla ya kulipa, uliza kampuni maswali ambayo mwuzaji hapendi: wana oksijeni ya chupa? Wana kipima oksijeni cha kidoleni? Mtu akizidiwa usiku, nani anashuka naye, na nani anabaki na wengine? Wagumu, ndivyo wapagazi wanavyojiita kule, wanalala wapi na wanakula nini? Kampuni inayowatesa wagumu wake haitakutunza wewe.

Kusoma dalili

Kichwa kuuma kidogo, usingizi wa mang'amung'amu, kutopenda chakula: hayo yanawapata wengi juu ya mita 3,000. Unakunywa maji, unapumzika, na kanuni ni moja: usipande zaidi hadi dalili ziishe. Zikizidi palepale ulipo, unashuka. Dawa za usingizi na pombe ziache kabisa, zinapunguza kupumua usiku.

Mambo mawili yanaua, na yanaweza kukua kwa saa chache.

La kwanza ni maji kwenye mapafu. Mtu anahema akiwa amekaa, anakohoa, anachoka kupita wenzake wote, anaposinzia kifua kinakoroma, mwisho anatoa povu lenye wekundu. Kwa ngozi zetu usitafute ubluu usoni. Angalia fizi, ulimi na kitako cha kucha.

La pili ni kuvimba kwa ubongo. Anayumba, anajibu ovyo, anakuwa mkali au anazubaa. Kipimo chake ni chepesi: chora mstari ardhini, atembee kisigino kikigusa kidole hatua kumi. Asiyeweza, hata kama anacheka na kusema ni baridi tu, mchukulie kuwa mgonjwa mahututi. Waongozaji wazuri hufanya kwa maongezi. Utamsikia njiani gizani: "Kaka, kwenu Newala au Masasi?" Hapotezi muda na stori. Anasikiliza ulimi wako na muda unaochukua kujibu, na baada ya nusu saa atakuuliza tena swali lilelile kuona kama unakumbuka.

Tiba ya yote mawili ni kushuka, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, angalau mita 300 na kuendelea hadi apate nafuu, akiwa na mtu wakati wote. Oksijeni na dawa hutolewa huku anashushwa. Zisiwe sababu ya kusubiri asubuhi. Kilimanjaro kuna machela za chuma zenye gurudumu moja katikati, wagumu wanaishika mbele na nyuma na kukimbia nayo. Inarusha mifupa, lakini kwa ugonjwa huu kila mita inayoshuka ni dawa.

Kipima oksijeni kisikutie hofu wala kisikudanganye. Asilimia themanini na kitu Kibo ni jambo la kawaida, na kidole cha baridi kinasoma uongo. Pasha mkono kwanza. Na mtu anayeyumba huku mashine inasema vizuri, amini miguu yake.

Usiku wa kilele

Watu huondoka Kibo, au kambi ya Barafu kwa wa Machame na Lemosho, karibu saa sita usiku, wakati changarawe imeganda na kushika, ili washuke mchana kabla mawingu hayajafunga. Lala na nguo za ndani kavu. Betri, simu na chupa ya maji viingie nawe kwenye mfuko wa kulalia. Chupa ya njiani ibebe kichwa chini, maana maji huanza kuganda juu, na hivyo mdomo wake utabaki wazi. Mirija ya kunyonyea maji huganda mapema, usiitegemee.

Kula kidogo kila saa hata kama hutaki. Korosho zina takriban kalori 550 kwa gramu 100 na haziwi jiwe kwa baridi, ila kule juu tumbo hupokea sukari na wanga kwa urahisi kuliko mafuta, kwa hiyo changanya na tende, kashata au biskuti. Chai yenye sukari nyingi kwenye chupa ya moto. Usitarajie iwe kali sana ikiwa imechemshwa Kibo: maji huchemka kwenye joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, na Uhuru yangechemka kwenye nyuzi 80 hivi.

Kutoka Kibo hadi Gilman, kwenye ukingo wa kreta, ni saa tano au sita. Kutoka pale hadi Uhuru ni moja na nusu au mbili zaidi. Kabla hamjaondoka, kubalianeni na mwongozaji saa ya kugeuka, na muipange mkiwa na akili timamu. Ikifika, mnageuka mlipo. Mwenye kuchangiwa nauli na ukoo mzima ndiye mwenye hatari kubwa hapa, kwa sababu anaona aibu ya kurudi bila picha ya kibao. Waambie mapema waliokuchangia kwamba kufika Gilman nako ni ushindi.

Jua likitoka, vaa miwani yenye kinga kamili ya mionzi, iliyofunika pembeni. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi, na jicho linaungua bila kuuma; maumivu huja saa kadhaa baadaye. Paka losheni puani, chini ya kidevu na midomoni. Weusi haukukingi vya kutosha pale.

Baridi inapojeruhi

Mwili unaopoa kupita kiasi hujionyesha kwenye mikono na ulimi: mtu anajikwaa, anaangusha vitu, anaongea kizito, ananuna. Akiacha kutetemeka ilhali hajapata joto, hali ni mbaya. Mtoe kwenye upepo, mvue vilivyolowa, mvike vikavu, mtenge na ardhi kwa godoro au mabegi, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama yuko macho na anameza vizuri. Msogeze taratibu. Konyagi hapana.

Kidole kikianza kuganda huuma, kisha kinaacha kuuma, na hapo ndipo watu hufurahi. Kwa ngozi nyeusi kinakuwa kijivu au kama kimepakwa majivu, kigumu, hakina hisia. Kikiwa bado laini, kipashe kwapani au tumboni kwa mwenzako. Usikisugue, usikiweke motoni, usikipake theluji. Kikiwa kigumu kabisa, usikiyeyushe kama bado kuna uwezekano wa kuganda tena; shuka kwanza, kisha kitumbukizwe kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39 mahali penye huduma. Viatu vilivyobana ndivyo huanzisha haya, kwa hiyo soksi mbili zinazokaba ni mbaya kuliko moja.

Kujifunza theluji yenyewe

Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo Kilimanjaro mwaka 1912 imetoweka, na njia za kawaida hazihitaji shoka la barafu siku nyingi. Ikianguka theluji kubwa, mwongozaji anaweza kukupa minyororo ya viatu yenye meno. Anayetaka kujifunza barafu hasa katika Afrika Mashariki aende Ruwenzori, upande wa Uganda, kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109. Pale mtu hufungwa kamba, huvaa kramponi, yaani meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu, na kushika shoka, kwa sababu mto wa barafu una nyufa. Nenda na mkufunzi, uombe siku nzima ya mazoezi chini kabla ya kilele.

Haya ndiyo utakayofundishwa. Kwenye theluji laini unapiga ncha ya kiatu mara moja au mbili hadi ipate ngazi, unasimama, ndipo unahamisha uzito. Kushuka unachoma kisigino, mguu umenyooka lakini goti halijafungwa. Kramponi zinafungwa kwenye kiatu kigumu tu; kiatu laini kinazitema. Tembea miguu ikiwa mbali kidogo ili meno yasinase suruali, na kwenye mteremko mdogo kanyaga meno yote ya chini kwa pamoja, siyo ubavu wa kiatu. Theluji ikijikusanya chini, igonge kwa mpini wa shoka.

Shoka linakaa mkono wa upande wa juu wa mlima, ncha kali ikitazama nyuma. Ukiteleza, mkono mmoja uko kwenye kichwa cha shoka, wa pili kwenye mwisho wa mpini, mpini unakatiza kifua, ubapa ulio upande wa pili wa ncha kali unakaa kati ya shingo na bega, uso umegeukia upande mwingine. Lalia tumbo, gandamiza ncha kwenye theluji kwa uzito wa kifua, magoti yakisukuma. Kama umevaa kramponi, inua nyayo. Meno yakinasa ukiwa kasi utapinduka au utavunjika kifundo. Mpangilio wa mikono unaweza kuuzoea nyumbani kwenye mteremko wa mchanga kwa kipande cha mti butu, hadi mkono ujipange wenyewe bila kufikiri. Kujizuia kwenyewe usiteleze utajifunzia kwenye theluji, mahali ambapo mteremko unaishia pazuri.

Mawe ni hatari isiyopewa heshima. Barafu hushika mawe usiku, jua likipasha yanaachia. Januari 2006 mawe yalishuka Western Breach, upande wa magharibi wa kilele cha Kibo, na kuua wapandaji watatu wa Kimarekani. Pita sehemu za namna hiyo mapema asubuhi, kofia ngumu kichwani, bila kupumzika chini yake.

Maporomoko ya theluji si jambo la Kilimanjaro sana. Anayekwenda kusoma Ulaya au Amerika na kutamani milima ya huko achukue kozi kabla ya kukanyaga: mengi hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, mara nyingi aliyefukiwa ndiye aliyeyaanzisha au mwenzake, na baada ya dakika 15 hivi chini ya theluji nafasi ya kupona hushuka vibaya. Ndiyo maana kila mtu hubeba kifaa cha mawimbi cha kutafutana, kijiti cha kuchokonoa na koleo.

Ukirudi

Homa yoyote ndani ya wiki chache, kapime malaria na umweleze daktari ulikotoka. Vidole vilivyokufa ganzi bila nafuu vionyeshwe hospitali. Kikohozi kisichokwisha nacho.

Vifaa vikaushwe kivulini siku mbili kabla ya kuvihifadhi, mfuko wa kulalia utundikwe, usisokotwe. Viatu jaza magazeti na uviweke juu, siyo chini ya kitanda. Kama umenunua kramponi au shoka, hewa ya chumvi ya Mtwara itavila kutu kabla ya mwezi: futa, paka mafuta mepesi ya mashine ya cherehani, funga kwenye kitambaa kikavu, na uviangalie kila mwanzo wa mvua.